Kila Mlango wa Bandari Una Sababu Yake

Mgeni wa Dar es Salaam akimwambia bodaboda "nipeleke Feri, nawahi boti ya Zanzibar," asishangae akishushwa Magogoni, katikati ya harufu ya samaki na foleni ya pantoni la Kigamboni. Kwa mtu wa Dar, Feri ni pale. Boti za Zanzibar ziko kwingine, kando ya barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Anayekuja kwa mwendokasi wa Kimara asingoje mpaka kituo cha mwisho cha Kivukoni. Ashuke Posta ya Zamani, afuate barabara ya Sokoine huku bandari ikiwa kushoto kwake, na minara ya kanisa itamwonyesha alipofika. Mwambie dereva "boti za Zanzibar" au "kwa Mtakatifu Yosefu," naye hatakupoteza.

Hilo ni kosa la kwanza na ndilo jepesi kulikwepa. Usumbufu mkubwa huanzia getini. Abiria anaombwa kitambulisho dirishani, anaombwa tena mlangoni, begi linapitishwa kwenye mashine, ndugu aliyemsindikiza anazuiwa, kisha anaambiwa akae ukumbini wakati boti anaiona kwa macho yake imefunga gatini. Wengi huuita urasimu. Ukweli ni kwamba jengo la abiria limepangwa hivyo kwa kazi tatu: kuhesabu watu, kukagua wanachobeba, na kuwatenganisha wanaoshuka na wanaopanda. Ukishajua mlango ulio mbele yako unafanya kazi ipi kati ya hizo, utajua pia ushike nini mkononi na usimame wapi.

Dirisha la tiketi: jina lako lina kazi

Tiketi ya boti ni zaidi ya risiti. Jina linaloandikwa pale linaingia kwenye orodha ya abiria, ambayo mabaharia huiita manifesti, na nakala yake hubaki nchi kavu chombo kinapoondoka. Umuhimu wake tuliujua kwa msiba. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli hiyo iliruhusiwa kubeba abiria 645. Hesabu za mwanzo zilitaja waliokufa kuwa kiasi cha 200. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi yake ilieleza kuwa watu zaidi ya 1,300 hawakupatikana. Kwa miezi kadhaa taifa halikujua lililie watu wangapi, kwa kuwa wengi walipanda bila jina lao kuandikwa popote.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka watu wote waliomo ndani ya meli ya abiria wahesabiwe kabla haijaondoka. Kwetu vyombo vinasimamiwa na TASAC upande wa Bara na Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA, upande wa Zanzibar. Kwa hiyo karani anapodai kitambulisho cha taifa, pasipoti au leseni, anataka jina la kwenye tiketi liwe la mtu aliye mbele yake. Usisafiri kwa tiketi ya shemeji aliyeahirisha safari. Nenda dirishani ibadilishwe. Mtoto wa kupakatwa naye ni mtu. Mtaje, hata kama hatalipiwa nauli kamili.

Hapo ndipo ilipo hasara ya kununua tiketi kwa wapiga debe wa Dar au mapapasi wa Unguja. Bei ya kuzidishiwa ni hasara ndogo. Kubwa ni kuuziwa tiketi yenye jina la mtu mwingine, ukarudishwa getini dakika za mwisho, au ukapita na kubaki baharini kwa jina lisilo lako. Nunua kwenye ofisi ya kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake. Tazama mambo manne kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe, saa na jina la boti. Saa huandikwa kwa mtindo wa kizungu, hivyo 07:00 ni saa moja asubuhi na 16:00 ni saa kumi jioni. Boti mbili zinaweza kuondoka kwa kupishana kidogo, kila moja na mlango wake.

Milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka, maana orodha haiwezi kufungwa watu wakiwa bado wanaingia. Fika saa moja kabla. Ijumaa jioni, mkesha wa Idi, Krismasi na Pasaka, na siku za kuelekea sherehe za Mapinduzi za 12 Januari, ongeza muda.

Mashine ya ukaguzi: kwa nini msindikizaji hatii mguu

Wazee wanakumbuka enzi ambazo jamaa wote walifika hadi ukingoni mwa gati kupungia mkono. Mambo yalibadilika baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 nchini Marekani. Kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, zinazojulikana kama ISPS, zilianza kutumika 1 Julai 2004. Zinaitaka bandari inayohudumia meli za kimataifa igawe eneo lake, iweke uzio, imtambue kila aingiaye na ikague mizigo. Ndiyo maana kuagana kunafanyika nje. Mwenye mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea peke yake aseme mapema kwa watumishi wa kampuni ya boti, kabla ya foleni kukaza.

Gawa mizigo yako nyumbani. Begi kubwa hukabidhiwa na kupewa lebo. Kipande utakachopewa kihifadhi pamoja na tiketi, kwani upande wa pili ndicho kitakachokutetea. Begi dogo libaki nawe na libebe dawa, nyaraka, fedha na simu. Mtungi wa gesi, petroli na vitu vinavyoshika moto usivifiche ndani ya nguo, uliza vinasafirishwaje. Ukihitaji hamali, chagua mwenye sare au namba na mpatane bei mzigo ukiwa bado chini. Mzigo ukishakuwa begani kwake, nguvu ya kupatana umeipoteza.

Ukumbi wa kusubiri na daraja la kupandia

Swali linaloulizwa sana ukumbini ni hili: boti imefika, mbona hawatufungulii? Jibu liko kwenye daraja la kupandia. Boti iliyo mbele yako ndiyo iliyotoka Unguja muda mfupi uliopita, na daraja la kushukia ndilo la kupandia. Mamia ya watu wenye mabegi wakikutana na mamia wengine juu ya njia nyembamba iliyo juu ya maji, kitakachofuata ni msukumano. Wanaoshuka wamalizike, boti isafishwe, ndipo foleni yako ianze kwenda. Kukimbilia mlangoni hakukupunguzii hata dakika moja.

Jambo jingine ambalo abiria wengi hawalitazami ni maji. Katika pwani hii tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 4. Gati la kuelea hupanda na kushuka na bahari, lakini nchi kavu haisogei, na daraja linalounganisha viwili hivyo ndilo linalobeba tofauti hiyo. Maji yakijaa hulala karibu sawasawa. Yakipwa huwa mteremko. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwa anayesafiri na mzee, mjamzito au mtu wa kiti cha magurudumu, safari ya alasiri siku hizo ni nafuu kuliko ile ya katikati ya asubuhi. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo.

Ndani, boti hizi za miili miwili huinuka na kushuka zaidi upande wa mbele. Anayesumbuliwa na kichefuchefu akae sitaha ya chini, karibu na nyuma, katikati. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, na dawa ya kuzuia kutapika humezwa kabla ya boti kuondoka. Kabla hujasinzia, tazama koti lako la kuokolea liko wapi na mlango wa dharura ulio karibu nawe ni upi.

Malindi, na kurudi

Baada ya takriban kilomita 70 za bahari utashuka Malindi, ubavuni mwa Mji Mkongwe. Raia wa Tanzania awe na kitambulisho chake karibu na afuate njia ya wenyeji. Mgeni wa kigeni hupita kwa maofisa wa Uhamiaji hata kama anatoka Dar es Salaam, na tangu 1 Oktoba 2024 anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Zanzibar. Unayempokea mgeni wako, mwambie hayo kabla hajapanda, na mngoje nje ya geti. Darajani, kwenye soko, si mbali kwa miguu.

Unaporudi Bara, forodha ya Dar es Salaam hukagua bidhaa zinazotoka Visiwani. Ukinunua televisheni au jokofu, shika risiti mkononi. Pakiti ya viungo vya jikoni si tatizo, ila karafuu kwa magunia zina sheria zake Zanzibar, na anayezivusha kinyemela anafanya magendo.

Abiria wa meli kubwa za kitalii hawapiti njia hii, lakini kanuni ni zilezile. Mombasa ina jengo lao katika bandari ya Kilindini. Unguja meli kubwa mara nyingi hutia nanga nje na watalii huletwa kwa boti ndogo. Kila mmoja ana kadi inayosomwa na mashine anaposhuka na anaporudi, na nahodha anajua nani bado yuko mjini. Waongoza watalii wanaowasubiri wajue kwamba saa ya kurudi melini haina mjadala.

Kazi ya kuhesabu ina maana pale tu hesabu inapoheshimiwa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, 20 Septemba 2018, kilikuwa kivuko cha kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Karani anayekuambia boti imejaa anakulinda, hata ukiwa na haraka ya msiba au harusi. Usimhonge wala usimbembeleze. Toa jina lako sahihi, shika tiketi yako mwenyewe, na ukiambiwa nafasi hakuna, ngoja boti inayofuata.