Uloto wa ndugu, figo ya nguruwe: nani ameombwa ridhaa?

Mtoto mwenye sikoseli anaweza kupona kwa kupandikizwa uloto, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma inatoa huduma hiyo. Kwa mzazi wa Igombe, Kirumba au Buswelu, wilayani Ilemela mkoani Mwanza, habari hii inagusa nyumba yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ulioshirikisha wataalamu wa Hospitali ya Bugando, ulipima sampuli 17,200 za damu ya watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania. Yalikuwa matone yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyochukuliwa awali kwa kipimo cha VVU. Asilimia 20.3 ya watoto walikuwa wamerithi kinasaba cha sikoseli kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 1.2 walikuwa wagonjwa. Kurithi kinasaba kimoja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimeenea ukanda huu wa ziwa.

Seli shina zilizomo kwenye uloto, ndani ya mifupa, ndizo zinazozalisha chembe za damu. Kwa mgonjwa wa sikoseli, zinazalisha chembe nyekundu zinazojipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Matokeo yake ni maumivu makali, upungufu wa damu, hata kiharusi utotoni. Katika upandikizaji, dawa kali huua kwanza uloto wa mgonjwa, kisha seli za mchangiaji huingizwa kwa dripu, kama anavyoongezewa damu. Seli hizo husafiri zenyewe hadi kwenye mifupa na kuanza kazi baada ya wiki kadhaa. Hatari zipo: maambukizi, ugumba, na seli mpya kuushambulia mwili uliozipokea.

Mchangiaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba na mama mmoja, na uwezekano wa kila ndugu kulingana kikamilifu na mgonjwa ni mmoja kati ya wanne. Mara nyingi ndugu huyo naye ni mtoto. Hupewa dawa ya usingizi, sindano ikapenya mfupa wa nyonga kwa nyuma na kuvuta uloto. Ataumwa siku chache, na uloto wake utajijaza tena baada ya wiki kadhaa. Hata hivyo, ametobolewa kwa ajili ya ugonjwa usio wake.

Majumbani mwetu mtoto huambiwa tu, haulizwi. Kwa jambo hili, aulizwe. Aelezwe kwa Kiswahili au Kisukuma chepesi, na daktari asiyemtibu nduguye. Aulizwe kabla majibu ya vipimo vya ulinganifu hayajasambaa kwenye ukoo, maana yakishajulikana hawezi tena kusema hapana bila kunyooshewa kidole. Na upandikizaji ukishindikana, asibebeshwe lawama.

Ridhaa ndilo swali gumu pia kwa viungo vya wanyama. Januari 2022 David Bennett alipandikizwa moyo wa nguruwe huko Baltimore, Marekani, akaishi miezi miwili. Baadaye virusi vya nguruwe viligunduliwa kwenye moyo huo. Machi 2024 Richard Slayman alipandikizwa huko Boston figo ya nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko 69 ya vinasaba, naye akafariki Mei. Wote wawili waliridhia. Lakini virusi vya mnyama vikizoea mwili wa binadamu, vinaweza kuwafikia mke, watoto na majirani ambao hawakusaini fomu yoyote. Ndiyo maana mpokeaji hutakiwa kufuatiliwa maisha yake yote.

Waislamu na Wasabato wa Mwanza, wasiokula nguruwe, wana haki ya kuuliza. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu tiba ya namna hiyo kwa dharura ya kuokoa uhai pasipo mbadala. Ni vyema kumuuliza sheikh au mchungaji mapema, kabla ya siku ya ugonjwa.

Jihadhari pia na vidonge vinavyouzwa kwa jina la seli shina kwa madai kwamba vinatibu kila kitu. Seli hai inayomezwa humeng'enywa tumboni kama chakula. Kwa wagonjwa wengi wa sikoseli, msaada ulio karibu ni kupimwa mapema, penisilini ya kuzuia maambukizi utotoni, na dawa ya hydroxyurea chini ya uangalizi wa daktari.

Familia itakayoamua kwenda Dodoma iende na watoto wote wawili wakiwa wameelewa. Mtoto wa miaka saba anayetoa uloto ni mgonjwa wa hospitali siku hiyo, na anastahili maelezo na heshima sawa na nduguye anayetibiwa.