Kihoro Si Neno la Kupuuza

Mtu wa pwani akiumizwa na maneno husema amekatwa maini. Akiwa na wasiwasi, tumbo joto. Na akifiwa akashindwa kuinuka, watu husema ameshikwa na kihoro. Lugha yetu ilijua zamani kwamba roho ikiumia, kiwiliwili hakisalimiki.

Chuoni nasi tulisomeshwa kisa cha Nabii Yaakub, aliyemhuzunikia mwanawe Yusuf hata akapofuka macho. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kuhusu afya ya mwili pamoja na afya ya nafsi, kwani vyote viwili huuguzana.

Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza maradhi ya moyo wakayaita takotsubo, yaani mtungi wa kutegea pweza. Huku kwetu pweza huchokolewa mwambani. Wenzetu humtegea chombo chenye shingo nyembamba na tumbo pana. Mtu akipatwa na msiba au kishindo cha ghafula, homoni za mshtuko humiminika katika damu, na sehemu ya chini ya moyo hulegea, ikatutumka mfano wa mtungi huo. Kifua hubana, pumzi huwa taabu, lakini mishipa ya moyo ikipimwa huonekana haikuziba. Wengi wanaopatwa ni wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Aghalabu hupona baada ya majuma machache, ila wako wanaokufa.

Ndugu wasomaji, nina sababu ya kuyaandika haya. Shangazi yangu alifiwa na mwanawe baharini. Siku ya pili ya matanga akashika kifua. Tukasema, "Ni kihoro hicho, atapoa." Tukamnyunyizia marashi, tukamsomea. Kabla ya hitima ya mwana, tukamzika mama.

Huenda ni kihoro kweli. Kosa letu ni lile neno "atapoa". Dua ni ibada, na kutafuta dawa pia tumeamrishwa. Mfiwa akishika kifua, apelekwe hospitali saa ile ile, maana kwa macho matupu hapana awezaye kutenga kihoro na mshipa ulioziba.

Wala tusimwambie, "Jikaze, usilie." Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi. Mwacheni mfiwa alie, kaeni naye, na gari liwe karibu.