Woolwich ni Kent au London?

Woolwich, kitongoji kilichoko kusini-mashariki mwa London, ni makao ya familia nyingi zenye asili ya Afrika, zikiwemo za Wasomali na za watu wengine kutoka Afrika Mashariki. Kwa mzazi anayetaka kuwaandikia historia ya ukoo watoto waliozaliwa Uingereza, kikwazo mara nyingi si majina ya wazee, bali ni majina ya mahali walikozaliwa.

Woolwich yenyewe inatosha kuwa mfano. Hadi mwaka 1889 mji huo ulikuwa katika kaunti ya Kent. Mwaka huo ikaundwa kaunti ya London, na Woolwich ikaingizwa humo bila hata nyumba moja kusogea. Mwaka 1900 ikawa manispaa pamoja na Plumstead na Eltham, na mwaka 1965 ikaunganishwa na Greenwich.

Kwa hiyo mtoto wa fundi wa kiwanda cha silaha aliyezaliwa mwaka 1880 anaweza kuandikwa katika sensa ya 1881 kuwa ni mzaliwa wa Woolwich, Kent, na katika sensa ya 1911 kuwa ni mzaliwa wa Woolwich, London. Mtafiti asiyefahamu mabadiliko hayo hudhani kuwa hao ni watu wawili, akamwacha mmoja.

Tatizo ni kubwa zaidi ng'ambo ya mto Thames, katika eneo la North Woolwich. Kwa karne nyingi eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Kent, ingawa liko upande wa Essex. Mwaka 1965 likapelekwa katika manispaa ya Newham. Anayevuka leo kwa feri isiyotozwa nauli, iliyoanza mwaka 1889, hutoka manispaa moja na kuingia nyingine. Aliyevuka mwaka 1890 alikuwa bado yumo Woolwich.

Mashabiki wa soka nao wanahusika. Klabu ya Arsenal iliasisiwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda hicho cha silaha, wakati mji ungali wa Kent. Ilihamia Highbury, kaskazini mwa London, mwaka 1913.

Kisumu ya Uganda

Afrika Mashariki ina mikasa mizito zaidi. Reli kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1901, kituo cha mwisho kiliitwa Port Florence, na kilikuwa katika himaya ya Uganda. Mwaka 1902 jimbo hilo la mashariki mwa Uganda lilihamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Aliyezaliwa Kisumu mwaka 1900, basi, alizaliwa Uganda, na nyaraka za mwaka huo zinazomhusu zilikuwa za serikali ya Uganda.

Bara la Tanzania, mji wa Lushoto uliitwa Wilhelmstal wakati wa Wajerumani, na jina Tanganyika lenyewe lilianza kutumika rasmi mwaka 1920. Huko Kongo, Stanleyville ikawa Kisangani, na Elisabethville ikawa Lubumbashi.

Wako wanaoona kuwa kuandika majina hayo ni kuwatukuza wakoloni. Hisia hiyo inaeleweka, lakini anayefuta jina Fort Hall na kuacha Murang'a peke yake anajifungia mlango wa kabati la nyaraka, kwani faili za enzi hizo zimepangwa kwa jina la Fort Hall. Lililo bora ni kuyaandika yote mawili, na kuongeza lile walilolitumia wenyeji wenyewe ikiwa wazee bado wanalikumbuka.

Mpaka wenyewe unaweza kuamua uraia. Kuanzia mwaka 1920 Nairobi ilikuwa katika koloni la Kenya, lakini Mombasa ilikuwa katika ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, uliotawaliwa na Waingereza kama nchi lindwa hadi mwaka 1963. Mzaliwa wa koloni alihesabiwa kuwa raia wa dola ya Uingereza. Mzaliwa wa ukanda ule, kwa kawaida, alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wake tu. Neno "Kenya" pekee kwenye daftari la ukoo halionyeshi tofauti hiyo.

Kalamu na kompyuta

Watafiti wa nasaba hufuata kanuni moja: mahali paandikwe kama palivyoitwa siku ya tukio, kwa tahajia ya waraka wenyewe, pamoja na mwaka. Jina la leo liwekwe kando, lisichukue nafasi ya lile la kale. Programu za kompyuta zinazopendekeza majina zinahitaji kuangaliwa kwa makini hapa, kwa kuwa mara nyingi huleta jina la sasa. Mtu aliyebatizwa Woolwich mwaka 1750 hujikuta ni mkazi wa manispaa iliyoundwa mwaka 1965.

Kwa familia ya Kisomali iliyoko Woolwich, chukulia babu aliyezaliwa Kismayu mwaka 1921. Wakati huo Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya. Waingereza waliikabidhi kwa Italia mwaka 1925. Wajukuu wakiandika "Somalia" tu, atakayefuata nyayo zao ataanzia kwenye nyaraka za Waitaliano, ambao mwaka huo walikuwa bado hawajafika Kismayu. Wakiandika "Kismayu, Jubaland, Kenya, 1921, sasa Somalia", atajua kuwa aanze na nyaraka za Waingereza.