MSHENGA WA KEMIA NA GANDA LA KOROSHO

Wakulima wa Busale wanajua kuvundika kakao. Mbegu mbichi hufunikwa kwa majani ya migomba siku tano au sita. Joto hupanda. Ndani ya mbegu vimo vimeng'enya, navyo huanza kuleta ladha. Mbegu iliyokaushwa bila kuvundikwa haina ladha hiyo, na mnunuzi anajua.

Kimeng'enya ni kichocheo. Kichocheo huharakisha badiliko, lakini chenyewe kinabaki. Ni kama mshenga. Anakutanisha nyumba mbili, ndoa inafungwa, naye anakwenda kwenye posa nyingine.

Mtanzania mmoja, Profesa Egid Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amechunguza vichocheo miaka mingi. Alisomea kazi hiyo York, Uingereza, kwa Profesa James Clark. Wakemia walikuwa wakitumia paladiamu, madini ghali mno, kuunganisha vitu viwili kuwa kimoja. Njia moja ya kuunganisha hivyo ni ya Akira Suzuki wa Japani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2010 pamoja na wenzake wawili. Shida ilikuwa hii: kazi ikiisha, paladiamu ilibaki imechanganyika na kile kilichotengenezwa. Kuitoa ni gharama. Mwaka 2001 Mubofu, Clark na Duncan Macquarrie walieleza namna ya kuishikiza kwenye silika, kitu cha jamii ya mchanga. Kazi ikiisha unachuja tu, kama uchujavyo majani ya chai. Mshenga anatumwa tena.

Baadaye Mubofu aliwahi kuongoza Shirika la Viwango, TBS. Lakini kwetu sisi wakulima kubwa zaidi ni ganda la korosho, ambalo yeye na wenzake, akiwamo James Mgaya, wamelichunguza.

Hapa Kyela mikorosho ipo. Aliyebangua kwa mkono anajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Wengi hulitupa au hulichoma. Kumbe mafuta hayo ni malighafi. Mwaka 2014 wakemia wa Ujerumani na Uskoti waliyageuza kwa vichocheo kuwa vitu vyenye harufu inayovuta mbung'o. Harufu ya namna hiyo imo pia kwenye mkojo wa ng'ombe. Ikiwekwa kwenye mtego, mbung'o hufuata mtego na kumwacha ng'ombe. Wafugaji wanaojua nagana wataelewa faida yake.

Lakini korosho nyingi za Tanzania husafirishwa India na Vietnam bila kubanguliwa. Ganda hupanda meli pamoja na kiini, na mafuta yake hukamuliwa huko.