Gramu 70 zikisomwa 4

Tuseme mchimbaji ametoka Mongbwalu na gramu 70 za dhahabu, na mizani ya elektroniki hapa Bunia inaandika 4. Watu watamwita mnunuzi mwizi. Pengine ni mwizi kweli! Lakini kosa linaweza kuwa ndani ya programu inayosoma ile mizani. Aliyeitunga alichagua kisanduku cha biti 16 cha kuwekea miligramu. Kinajaa kwenye 65 535, kisha kinaanza tena kwa sifuri. Cha biti 32 kingefika hata tani 4. Namba iliyozidi biti 16 njo iliangusha roketi Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996, na wale walikuwa mafundi wakubwa wa Ulaya. Sisi tunawaambia: mzigo ukizidi gramu 60, mupime kidogo-kidogo, mujumlishe kwenye karatasi yenu.