Nguvu ya Kauli za Majirani Wilayani Rungwe

Katika wilaya ya Rungwe nchini Tanzania, yenye makao yake makuu katika mji wa Tukuyu, siasa haikuanza na vyama wala habari hazikuanza na magazeti, kwa kuwa kabla Wajerumani hawajajenga boma lao huko na kuuita mji huo Neu Langenburg, Wanyakyusa, wenyeji wa huko, walikwisha kuwa na utaratibu wao wa kuzungumzia mambo ya jumla, kuwapima viongozi na kuwarudi waliokosea. Utaratibu huo unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana bila kuujua ni vigumu kuelewa vizuri namna wakazi wa huko wanavyoipokea redio, simu na mkutano wa kijiji hivi leo.

Maelezo yake mengi yamehifadhiwa na Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya maisha na mila za jamii za watu, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Kilichowashangaza zaidi ni vijiji vya rika. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 alihama nyumbani kwa baba yake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa umri mmoja, na ingawa aliendelea kula chakula cha mama yake na kulima shamba la baba yake, makazi yake yalikuwa kwa wenzake, ambako baadaye alioa na kuzeekea. Msingi wa maisha hayo ulikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja katika mazungumzo, kula na kunywa pamoja, kusaidiana na kujadiliana kwa adabu, kwani iliaminika kwamba hekima hupatikana kwa kuzungumza na marika, na mtu aliyependa kula peke yake alitazamwa kwa mashaka.

Mara moja katika kila kizazi, wazee walikabidhi utawala kwa vijana katika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, ambapo pamoja na machifu wapya walisimikwa pia viongozi wa vijiji, waitwao amafumu, waliochaguliwa kutoka miongoni mwa watu wa kawaida na si kwa kurithi cheo cha baba. Hao walikuwa sauti ya raia mbele ya chifu. Iliaminika kuwa majirani wakimnung'unikia mtu kwa haki, kwa mfano mwana aliyemdharau mzazi wake au tajiri aliyewanyima wenzake chakula, manung'uniko hayo yangemletea baridi mwilini na ugonjwa, na kwamba chifu mwenyewe hakuwa na kinga dhidi yake. Msomaji wa leo si lazima aamini kwamba maneno huleta homa ili atambue uzito wa jambo hilo: maoni ya umma yalihesabiwa kuwa ni mamlaka, na mtawala alilala na kuamka nayo.

Haifai, hata hivyo, kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Kauli zilezile za majirani ziliweza kumgeukia mtu asiye na hatia, akatuhumiwa uchawi, akanyweshwa umwafi, ambayo ni dawa ya kupima ukweli, na hatimaye akafukuzwa kijijini. Udhaifu huo ni wa kukumbukwa kila panapotajwa uvumi wa siku hizi, kwa kuwa tuhuma isiyo na ushahidi haikuletwa na simu. Ilikuwapo tangu zamani, ila zamani mtuhumu alikuwa na sura na jina, na mtuhumiwa alijua ni nani wa kumjibu.

Utawala wa Waingereza uliudhoofisha mfumo huo hatua kwa hatua. Sheria ya mamlaka za wenyeji ya 1926 iliwafanya machifu kuwa watumishi wanaolipwa mshahara na kuwajibika kwa ofisa wa serikali aliyekaa Tukuyu, hivyo chifu akaanza kuitazama ofisi kuliko kuwatazama raia wake. Wakati huohuo vijana waliondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, wakarudi na fedha, nguo na habari za dunia. Nalo gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, liliwapa walimu na makarani nafasi ya kusoma na kuandika kwa Kiswahili pamoja na wasomaji wa mbali. Uhaba wa ardhi ulimalizia kazi hiyo, vijiji vya rika vikatoweka, na uchifu wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1963.

Redio ndiyo iliyoingia kwa kina zaidi katika maisha ya kila siku. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na tangu 1965 Radio Tanzania ikawa sauti ya taifa ambayo, pamoja na taarifa ya habari, ilisoma matangazo ya vifo. Kwa Wanyakyusa, ambao kwao msiba ni mkusanyiko mkubwa kuliko karibu mkusanyiko mwingine wowote, matangazo hayo yalikuwa na thamani ya pekee, maana yaliwaita ndugu waliotawanyika mikoani. Msibani watu hukaa kwa muda mrefu, na baada ya kumlilia marehemu huzungumzia pia bei ya majani ya chai, soko la parachichi, barabara na mienendo ya viongozi. Kwa maana hiyo habari ya redioni ilikuwa mwanzo tu. Uzito wake ulipatikana ilipojadiliwa na watu wanaofahamiana.

Ndiyo maana uamuzi uliotangazwa bungeni Januari 2016, wa kusitisha matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge kwenye televisheni ya taifa, ulikuwa hasara ya kweli kwa wilaya za pembezoni, kwa sababu uliwanyima wananchi fursa ya kumsikia mbunge wao kwa masikio yao kabla ya kumhukumu. Simu imeziba sehemu ya pengo hilo. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, yanayowaunganisha waliobaki kijijini na walioko Mbeya au Dar es Salaam, hukusanya michango ya misiba na kupitisha habari kwa kasi ambayo redio haikuwahi kuifikia, lakini ujumbe unaosambazwa mara nyingi hufika bila jina la aliyeutunga, na hapo ndipo ule udhaifu wa zamani unaporudi ukiwa na nguvu zaidi. Dawa yake si kuzima mitandao, kama ilivyofanyika nchini kote kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, kwa kuwa watu walionyimwa habari hawaachi kuzungumza, bali huzungumza kwa kubahatisha.

Lugha nayo ina nafasi yake. Kanuni za utangazaji nchini huvitaka vituo kutumia Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo habari huwafikia wakazi kwa Kiswahili, kisha huchambuliwa kwa Kinyakyusa sokoni, klabuni na jikoni, mahali ambapo mtangazaji hayupo kusikia anavyosahihishwa.

Chombo cha kisheria kilicho karibu zaidi na ukwangala wa zamani ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 humjumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ambako taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa mbele ya wote. Mkutano huo una ubora ambao vijiji vya rika havikuwa nao, kwani mwanamke huhudhuria kwa haki yake mwenyewe, wala si kwa kivuli cha mumewe, na sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake. Lakini mkutano wa kijiji ukiitishwa siku ya gulio, wakati akina mama wako sokoni na ndizi na viazi vyao, au asubuhi wakati wa kuchuma chai, robo hiyo ya viti haitoshi kuwapa sauti, na viongozi wa vijiji wanao uwezo wa kubadilisha ratiba hiyo bila kusubiri sheria nyingine wala fedha kutoka Dodoma.