Majina Sita, Kazi ya Mtu Mmoja

Mkufunzi yeyote wa chuo cha ualimu anaijua kazi ya kikundi. Majina sita juu ya karatasi, lugha ya mtu mmoja. Mmoja kakesha, wa pili katoa hela ya kuprinti, waliobaki wamechangia majina. Maksi wanapata sawasawa.

Upande wa teknolojia, Tanzania ilitoa sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi mwaka 2007, na UNESCO ilitoa toleo la tatu la mwongozo wake wa umahiri wa walimu katika TEHAMA mwaka 2018. Lakini kujua kuwasha kompyuta na kupanga slaidi hakumfundishi mtu kushirikiana.

Kinachofundisha ni kazi yenyewe. Wape wanachuo watano hati moja ya mtandaoni waandae humo andalio la somo la sehemu, Darasa la Tatu. Kila mmoja yuko kwenye simu yake. Mmoja anaandika shughuli, mwingine zana, na wa tatu anahoji pembeni: "Chungwa moja kwa watoto themanini? Tukunje karatasi, kila mtoto aone nusu na robo mkononi mwake." Andalio linabadilika hapo hapo. Na hati haisahau: inaonyesha nani kaandika nini, saa ngapi, na nani kaibuka usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Kundi la WhatsApp haliwezi hayo yote, ingawa ndilo linalotumika zaidi kwa sababu bando lake ni nafuu. Hoja nzuri inatumwa asubuhi. Kufika jioni imezikwa chini ya salamu, matangazo ya michango na "Amina" arobaini.

Kwenye mazoezi ya kufundisha mambo ni mengine. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Kwa hiyo mwalimu mtarajiwa ajifunze kuendesha kundi zima kwa kifaa kimoja: huyu anashika, huyu anasoma kwa sauti, huyu anaandika, yule anapinga, kisha zamu zinabadilika. Asipopanga zamu, mtoto mjanja atakishika mpaka kengele ilie.

Wakufunzi, kabla ya kutoa maksi za kikundi, fungueni kwanza historia ya hati. Aliyeleta jina tu apewe anachostahili.